Madirisha Yataelekea Baharini

Usiku wa jana niliota bahari inapandishwa kijijini kwetu kwa matipa, na msimamizi wa kazi hiyo ni mfuko wa saruji uliovaa helmeti ya njano.

Kabla sijaendelea nieleze kwa nini hata usingizini sikucheka. Kijiji chetu, Lugombo, kiko juu milimani, mahali ambapo ukifika mwezi wa Juni watu wazima wanalala na soksi. Kutoka huko hadi baharini unavuka nchi nzima. Sasa tutajengewa zahanati, nayo itakuwa na wodi ya wazazi, ya kwanza tangu kijiji kiwe kijiji. Mdogo wangu Atuganile ana mimba changa, na amepiga hesabu kwa vidole: kazi ikienda vizuri, yeye na wodi watakuwa tayari pamoja. Kila akinipigia simu ananiuliza msingi utachimbwa lini, kana kwamba naubeba mimi kichwani.

Mimi ni fundi sanifu. Ofisi yetu imenileta Mbeya kwenye mafunzo mafupi ya kusoma na kuandika spesifikesheni, yale maandishi yanayomwambia mkandarasi ajenge nini, kwa vitu gani na kwa vipimo gani. Mwalimu wetu ni Injinia Lyatuu. Kampuni yake ndiyo iliyoandaa spesifikesheni ya zahanati ya kwetu, na ndiyo hiyo hiyo aliyotuletea darasani tujifunzie kusoma.

Basi jana nikaisoma. Ukurasa wa kwanza unasema zahanati. Kuanzia wa pili, madirisha yote yataelekea baharini. Milango ya vyumba itakuwa na upana wa sentimita sabini. Kwenye lango kutakuwa na bomba la kuwaosha mchanga miguuni wageni watokao kuogelea. Ilikuwa spesifikesheni ya hoteli ya ufukweni, iliyobadilishwa jina juu na kuachwa vile vile chini.

Nikanyoosha mkono. Injinia akasema, bila kuinua macho, kwamba siku hizi hakuna anayeandika spesifikesheni toka mwanzo. Watu wanachukua ya kazi iliyopita wanabadilisha panapobidi, na hii imeshaidhinishwa na mfadhili. Nikasema hapo panapobidi ndipo hapakubadilishwa. Nikauliza kitanda cha kumsukumia mama mjamzito kitapitaje kwenye mlango wa sentimita sabini, ambao hata mimi nikibeba ndoo mbili sipiti.

"Dada Sekela," akasema, "jifunze kusoma kwanza. Kuandika kutakuja."

Darasa zima likacheka. Nikala chakula cha jioni bila kujua nakula nini, nikalala na hasira zangu kama mtu aliyelala na viatu.

Basi niko Lugombo. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Matipa yamepanga foleni toka kanisani hadi kiwanjani, kila moja limejaa bahari, na bahari inachuruzika nyuma ikitiririka barabarani. Bwana Saruji, huyo mfuko wa saruji, amesimama juu ya kifusi anapokea mzigo.

Nikamwuliza kwa nini wanaleta bahari.

"Madirisha yameandikwa yataelekea baharini," akasema. "Tulipofika kiwanjani bahari haikuwepo. Upungufu huo ni juu ya mkandarasi."

Nikamwambia hayo ni makosa ya maandishi. Akasema yeye hajui makosa, anajua vifungu. Fundi mmoja akachovya kidole kwenye tipa lililokuwa mbele, akaonja, akatikisa kichwa: chumvi haitoshi. Tipa likageuzwa na bahari yake likarudi lilikotoka. Mwingine akaweka pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, juu ya bahari iliyokwisha kumwagwa, pale pale kwenye mteremko wa shamba la chai, na povu likakaa katikati kabisa. Bahari ilikuwa sawa. Hilo liliniudhi kuliko yote, kwamba kazi ya kijinga ilikuwa inafanywa vizuri.

Langoni, wanakijiji wamesimama mstari mmoja kwenye bomba la kuoshea miguu. Kwa kuwa hawakutoka kuogelea, hawakuwa na mchanga, kwa hiyo kibarua mmoja anawapaka mchanga kwanza, kisha mwenzake anawaosha. Mchungaji wetu yumo. Amekunja suruali hadi magotini na wala halalamiki. Nikamwuliza kwa nini anakubali upuuzi huu, akanijibu kwamba yeye ameambiwa ni mradi.

Nikageuka nimtafute Injinia Lyatuu, na papo hapo tuko darasani Mbeya, ila darasa limejengwa ndani ya wodi ya wazazi na ubao umetundikwa panapotakiwa dirisha. Injinia ameketi mezani, kitambaa kifuani, uma mkononi. Mafundi wanaingia na kutoka na masinia. Juu ya masinia kuna plasta, chokaa, vigae, na pembe ya ukuta iliyokatwa vizuri.

"Anafanya nini?" nikauliza.

Aliyenijibu ni ukuta uliobaki, ule wa upande wa kaskazini. Ukasema kuna kifungu kwamba kazi yote itafanywa kwa kiwango cha kumridhisha mhandisi, sasa wanamlisha tangu asubuhi na bado hajaridhika. Choo cha wanaume amekwisha kukimaliza.

Injinia akatafuna kipande cha plasta, akafuta midomo. "Bado," akasema. Mafundi wakaondoka kwenda kubomoa kingine.

Nikauonea huruma ule ukuta, nikauambia angalau wenyewe hauna ufa. Ukashusha pumzi. "Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta," ukasema. "Mimi nimejengwa kwanza. Ufa wangu unakuja Jumatatu, umo kwenye ratiba."

Nikamsogelea Injinia, nikamwambia mlango ni mwembamba na ninaomba ubadilishwe kabla zege halijamwagwa kwenye fremu. Nilizungumza kwa adabu zote, maana pamoja na hasira zangu yeye ni mwalimu. Akanyanyua uma. "Niridhishe kwanza," akasema, na mdomo umejaa.

Ndipo nikasikia magurudumu.

Kitanda kinakuja barabarani kutoka upande wa kwetu, kinapanda chenyewe juu ya mawe taratibu. Juu yake amelala Atuganile. Mimba yake imekomaa tangu jana, na juu ya mapaja amepakata beseni lenye vitenge, pamba na nguo za mtoto. Mama mkwe wake anatembea upande wa kulia amemshika mkono. Kwetu Lugombo mwanamke anayekwenda kujifungua haachwi aingie peke yake. Anashikwa mkono huku na huku hadi anapofikia. Upande wa kushoto pako wazi. Nikajua pale ni pangu, nikatoka nje nikamshika.

Tukasukuma. Kitanda kikagonga fremu ya mlango wa wodi, go, kikasimama.

Tukarudi nyuma tukasukuma tena. Go.

"Mimi ni tisini," kitanda kikasema. "Sijawahi kuonea aibu upana wangu, na sitaanza leo."

Mama mkwe akanitazama. Alinitazama kwa namna ambayo mwanamke wa kwetu humtazama aliyesomeshwa. Atuganile akafumba macho, uchungu ukapita, akayafumbua.

"Dada," akasema, "si ulisema unasomea mambo haya? Haya, soma."

Yakaniuma maneno hayo. Nikasoma, kwa sababu kifungu kilikuwa kimeandikwa juu ya fremu kwa herufi kubwa: Milango ya vyumba itakuwa na upana wa sentimita sabini, au chochote kinacholingana nacho kitakachoidhinishwa.

Sijamaliza sentensi, mtu mmoja akatokea nyuma ya uzio wa bati. Amevaa suti ya kijivu na ameshika mkoba mdogo. "Nimeitwa," akasema. Ni Bwana Kinacholingana, msambazaji. Akanipa mkono, mkono wenyewe ulikuwa wa mbao, akasema ule wa asili ulikosekana dukani.

Akanitembeza kidogo kunionyesha kazi yake. Bawaba za mlango zilikosekana, ameleta maandazi yenye uzito ule ule. Muuguzi wa zamu alikosekana, ameleta saa ya ukutani, kwa kuwa nayo inakesha. Badala ya paa ameleta hotuba ya ufunguzi, ambayo alisema ni ndefu kuliko bati na inafunika watu wengi zaidi. Vyote vina mhuri. Mimi hasira zilinijaa lakini nikawa namfuata, kama mtu anavyomfuata mwizi wake ili aone nyumba yake.

Nikamwambia sitaki maandazi wala saa, nataka mlango mpana.

"Mlango haugusiki," akasema. "Umeidhinishwa. Lakini mgonjwa hajaidhinishwa. Nina mzazi mwingine anayelingana na huyu kwa kila kitu isipokuwa mabega na nyonga. Huyo anapita."

Akapiga kofi. Nyuma yake akajitokeza mwanamke mwenye uso wa Atuganile, na alama ile ile ya kovu la moto kwenye kidevu, lakini mwembamba kama ubao wa kuchorea. Beseni lake lilikuwa tupu. Akanitabasamia kwa adabu, jambo ambalo mdogo wangu hajawahi kunifanyia.

"Na huyu wetu?" nikauliza.

"Anarudishwa kwa msambazaji."

"Na mtoto?"

"Atalingana."

Hapo maji yakazidi unga. Nimevumilia bahari, nimevumilia mchungaji kupakwa mchanga, nimemvumilia mwalimu anayekula choo. Lakini kuambiwa damu yangu irudishwe dukani kwa sababu mtu mmoja aliona uvivu kubadilisha namba kwenye karatasi, hapana. Nikasema kwa sauti ambayo hata Injinia aliacha kutafuna: "Huyu hana anayelingana naye."

"Basi andika hivyo," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa Bwana Saruji. Maji ya bahari, yale yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye matipa, yalikuwa yamemfikia miguuni, na miguu yake imekwisha kuwa migumu. "Fanya haraka, dada," akasema. "Nimeshaguswa na maji. Nikishakauka sisikilizi mtu."

Nikaangalia kama kuna karatasi, hakuna. Kalamu hakuna. Kando ya fremu palikuwa na plasta mbichi, nikaandika pale kwa kidole.

Nikaandika: Tafadhali mlango uwe mpana.

Maneno yakateleza yakaanguka chini. "Tafadhali si kipimo," akasema Bwana Saruji. Alikuwa mgumu hadi magotini.

Nikaandika: Mlango utakuwa na upana wa kutosha.

Fremu ikatikisika, ikajinyoosha kidogo sana, kuku mmoja akapita akaingia wodini. Ikatulia. "Umetosha," akasema Bwana Saruji. Nikamwambia umemtosha kuku. Akasema sikuandika ni nani.

Nikaandika: Mlango utakuwa wa kisasa na wenye ubora wa hali ya juu.

Mlango ukaota kitasa cha rangi ya dhahabu. Upana ukabaki ule ule. Bwana Kinacholingana akakisifu kitasa.

Atuganile akanibana mkono hadi vidole vikalia. Uchungu ulikuwa umerudi, na mara hii haukupita upesi. Mama mkwe akaanza kumwimbia kwa sauti ya chini ule wimbo tunaowaimbia wanaopalilia, maana wa kujifungulia aliusahau kwa hofu. Bwana Saruji alikuwa mgumu hadi kiunoni.

Nikakumbuka siku ya kwanza ya mafunzo. Injinia Lyatuu alituambia kwamba kila sentensi ya spesifikesheni iseme ni kitu gani, kiasi gani, na kitapimwaje ili kikubaliwe. Alilisema vizuri sana, hata nikapigia mstari. Na hilo ndilo linalonikereketa kuliko ujinga wowote, kwamba anajua. Mtu asiyejua unamfundisha. Anayejua na akaacha, unamfanyia nini?

Nikampima kila mmoja kwa kiganja. Kitanda, tisini. Mkono wa mama mkwe uliomshika mgonjwa, pamoja na kiwiko chake, kumi na tano. Wangu, kumi na tano. Kisha nikaandika, na herufi zangu zilikuwa mbaya kwa sababu kidole kilikuwa kinachubuka:

Mlango wa wodi ya wazazi utakuwa na upana wa wazi wa sentimita mia moja na ishirini, ukipimwa ndani ya fremu. Utakubaliwa baada ya kitanda kupitishwa, mzazi akiwa juu yake, na mtu amemshika mkono kila upande, pasipo kiwiko cha mtu yeyote kugusa mbao. Hakuna kinacholingana nacho.

Bwana Kinacholingana akasoma, akafika mwisho, akasoma mwisho tena. Akafungua mkoba wake, akaingia ndani mguu mmoja baada ya mwingine, akajifungia. Mkoba ukabaki chini. Yule mwanamke mwembamba akaniuliza kama sasa anaweza kwenda nyumbani, kwa kuwa alikuwa amesimama tangu asubuhi. Nikamwambia aende akapumzike, hana kosa.

Injinia akainuka kusema kwamba haijaidhinishwa. Nilimwona anaipanga sentensi usoni. Lakini mdomo wake ulikuwa umejaa chokaa, na alipojaribu kuimeza ikamkwama, akakaa tena akiomba maji kwa mkono. Maji yaliyokuwepo ni ya bahari.

"Ina namba," akasema Bwana Saruji, amebaki kichwa tu. "Ina kipimo. Inajengeka." Akakauka. Helmeti ikabaki juu yake, na sikumsikia tena.

Fremu ikajivuta pembeni ikinung'unika, kama mzee anayeombwa nafasi kwenye benchi la kanisa. Tukasukuma. Mama mkwe kulia, mimi kushoto, Atuganile katikati na beseni lake. Tukapita. Natazama kiwiko changu, natazama mbao, havikugusana. Nataka kulia lakini bado nina hasira, na siwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Ndani, Atuganile akageuza kichwa dirishani.

"Mbona kuna bahari?" akauliza.

"Ni ya mkandarasi."

"Itaondolewa?"

"Nitaiandikia kifungu," nikasema.

Akacheka, huku uchungu umemkamata, akacheka kile kicheko chake cha puani ambacho yule mwembamba asingekiweza hata angepigwa mihuri mia. Kisha akaniambia nimwachie mkono kidogo kwa sababu namwumiza, na nilipouachia nikaamka.

Jua limeingia chumbani kwenye nyumba ya wageni, Mbeya, na mhudumu anafagia uani. Nikakaa kitandani nikajiambia kwamba ni ndoto, hasira za jana zimepanda kichwani. Atuganile yuko nyumbani na mimba yake changa. Msingi haujachimbwa. Hakuna bahari Lugombo.

Nikaenda kunawa. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa cha kijivu hadi kwenye kiungo cha pili, na hakikukunjika. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa jiwe la miguu. Ikabanduka punje moja, ikadondoka kwenye sinki, ti. Jana darasani hatukugusa saruji. Jana tulikuwa tunasoma tu.

Nikiwa bado nimekishika kile kidole, simu ikalia. Ni ujumbe wa Injinia Lyatuu kwa darasa zima. Anatuomba radhi, leo atachelewa kidogo. Hajisikii vizuri. Ameamka na ladha ya chokaa mdomoni, na kila akisukutua maji anayaona yana chumvi.

Nikausoma ujumbe ule polepole, kama nilivyoambiwa nijifunze kusoma. Kisha nikamjibu, peke yake. Nikamwandikia pole, Injinia. Chini yake, kwa kidole kile kile kilichokataa kukunjika, nikaandika: Mlango wa wodi ya wazazi Lugombo, upana wa wazi sentimita mia moja na ishirini, ukipimwa ndani ya fremu.

Sikuandika tafadhali.